Niliandika "Kafara" Kwenye Daftari la Ibada

Kazi yangu ya ukiranja wa ibada ilianza Jumapili ya pili ya muhula wa kwanza, nikiwa kidato cha tatu, saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, mbele ya mlango wa bwalo la chakula. Najua saa kamili kwa sababu Makena, aliyekuwa kiranja kabla yangu, alinigeuzia saa yake ya mkononi niione.

"Umechelewa dakika kumi," akasema. "Kiranja wa ibada haingii na watu, Nkirote. Anaingia kabla ya Mungu."

Akacheka peke yake. Mimi sikujua kama kucheka kuliruhusiwa.

Nilistaafu Ijumaa iliyopita. Hapa shuleni tunaita kustaafu, hata kama mstaafu ana miaka kumi na saba na bado anapanga foleni ya uji. Gakii, wewe ndiye umepewa kazi hii, na kwa kawaida ningekaa nawe kwenye ngazi za bweni nikueleze kwa mdomo. Lakini unanijua. Nikiongea na mtu uso kwa uso maneno yananiishia kwenye sentensi ya tatu. Kwa hivyo nimeandika. Sitakuambia nilivyochaguliwa wala beji inapendeza namna gani. Nitakuambia kazi inavyofanywa, halafu nitakuambia nilivyoiharibu, na nitaandika nikiwa na hasira, kwa sababu nikingoja ipoe nitaandika uongo wenye adabu.

Daftari la ibada ni lile jeusi lenye jalada gumu. Lina safu nne: jina, kidato, alama, sababu. Makena alinifundisha kwamba huandiki kwa penseli na hufuti. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika neno lililo sahihi chini yake na kutia saini. Hesabu mabenchi, usihesabu nyuso, kwa maana nyuso zinahamahama wakati wa pambio. Wanaojificha stoo ya kuni utaambiwa na mpishi, lakini umsalimie kwanza na umuulize mgongo wake. Wanaojificha chooni usiwaingilie. Simama nje, anza pambio ambalo kila mtu analijua, uimbe polepole. Kuna atakayeitikia bila kujua. Nimewanasa wengi hivyo, na mmoja aliitikia sauti ya tatu, vizuri sana.

Kuhusu kunyamazisha watu: mimi sina sauti. Wiki ya kwanza niligonga ile rimu ya lori inayotumika kama kengele mpaka mkono ukafa ganzi, na kelele ikazidi. Baadaye nikagundua kwamba ukisimama mbele na daftari wazi, ukamtazama msichana mmoja tu, atanyamaza, halafu jirani yake atataka kujua anatazamwa kwa nini, na jirani wa jirani, hadi bwalo zima. Haya basi, hiyo ndiyo siri yangu yote ya uongozi.

Sasa shule. Shule yetu ni ya serikali. Imeandikwa kwenye ubao wa getini, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, limeandikwa jina la kanisa linalodhamini. Walimu wameajiriwa na serikali. Vitabu vina mhuri wa serikali. Kanisa lilitoa ardhi wakati wa ujana wa mama wa nyanya yangu, na tangu hapo limetupa mchungaji na kiti chake, kile chenye mto mwekundu ambacho utakuwa unakipangusa kila Jumamosi. Ibada ni ya wote. Wanaosali Jumamosi waliambiwa wasali na Jumapili pia, haidhuru. Kulikuwa na msichana Mwislamu kutoka Maua aliyeimba kwaya muhula mzima kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nilimwekea alama ya vyema kila wiki. Sikuona tatizo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: sikuona chochote. Nilipenda funguo za bwalo. Nilipenda wasichana wa kidato cha nne wakinisalimia kwanza.

Mlezi wa ibada ni Madam Karimi, anayefundisha dini. Yeye ndiye alinifundisha kupanga usomaji, kukata kelele za kinanda, kumwambia mhubiri kwa adabu kwamba muda umeisha. Ni mwalimu mzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Tukiwa kidato cha kwanza alitufundisha urithi wa dini za Kiafrika, na akatufanya tukariri sababu za mababu kutoa dhabihu huku tukigonga madawati: kushukuru, kuomba mvua, kuomba msamaha, kuwakumbuka waliotangulia, kutakasa. Sababu tano, alama tano. "Ukisahau kutakasa," alikuwa anasema, "umempelekea jirani alama yako." Hakuna aliyesahau. Na kwenye Kiswahili, Mwalimu Njeru naye alitufundisha miviga, yaani sherehe za jamii za kuzaliwa, kutahiriwa, kufa, na katika hizo kuna tambiko. Tuliandika insha juu yake. Tulipewa alama juu yake. Kwa hivyo siku za wiki hapa shuleni mababu zetu walikuwa somo, na ulilipita au ulilifeli.

Muhula wa pili wa mwaka huo ndipo mambo ya mapepo yalianza. Jioni moja wakati wa michezo, wasichana watatu wa kidato cha kwanza walianguka uwanjani wakipiga mayowe. Kesho yake wakaanguka sita. Matroni alisema ni njaa na woga wa mitihani, wapewe uji wenye sukari na walale. Hakuna aliyetaka kusikia hivyo. Ilianza kusemwa kwamba kuna mtu ameingiza kitu shuleni. Mchungaji akahubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya mlango ambao shetani huachiwa wazi, na akatuambia tuangaliane. Tukaangaliana. Msichana mmoja alisemwa kwa sababu ya pete, mwingine kwa sababu alipenda kukaa peke yake, na mimi ninayependa kukaa peke yangu nilinusurika kwa sababu nilikuwa na beji.

Ni wakati huo Wawira alirudi kutoka kwao kumzika nyanya yake.

Wawira alikuwa kidato cha pili, anatoka Mbeere, kule chini kwenye joto, ambako wanalima ndengu na muguka, yale majani ya kutafunwa. Msichana mrefu, mwenye mdomo, wa kwanza darasani kwa hesabu. Alirudi na ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi kwenye mkono wa kulia, manyoya bado yakiwa upande mmoja. Jumapili hiyo msichana wa zamu alimzuia mlangoni mwa bwalo. Ibada ilipoisha nilimkuta ameketi nje juu ya jiwe la kufulia, nikaenda na daftari langu, kwa kuwa asiyeingia lazima aandikwe sababu.

"Wawira, kwa nini hukuingia?"

"Nimefukuzwa. Ati nitoe haka kangozi kwanza."

"Si ukatoe tu, uingie?"

"Hakatolewi. Kanakaa hadi kakatike kenyewe."

"Ni ka nini?"

Akaangalia nyuma yake. Wiki hiyo ilikuwa ya Kiswahili, na mtu akisikika akiongea lugha ya nyumbani anavalishwa kibao shingoni hadi amnase mwingine. Akanisogelea, akaninong'oneza: "Ni ka igongona ya cucu."

Cucu ni nyanya. Igongona nililijua, sisi Wameru tunalo, tofauti ni ya kuvuta sauti tu. Na nilijua mbuzi mwenyewe. Kwetu Nchiru tulichinja mmoja babu alipofariki, kwa ajili ya wale waliomuuguza na kumwosha, watakaswe, warudi kula na wengine bila kuogopwa. Nilikula ile nyama. Mama yangu alivaa ukanda kama huo huo miezi miwili akiuza ndizi zake soko la Gakoromone, na wateja wakampa pole.

Yote haya niliyajua nikiwa nimesimama pale na biro. Lakini daftari ni la Kiswahili, na safu ya sababu ina upana wa vidole vitatu. Nikatafuta neno. Sadaka? Sadaka hapa kwetu ni ule mfuko unaopitishwa. Tambiko halikunijia, naapa halikunijia, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeliweka upande wa mtihani, na sikudhani neno la mtihani linaweza kumhusu mtu aliyeketi juu ya jiwe la kufulia. Likanijia jingine. Nilikuwa nimelitumia kwenye insha, na Mwalimu Njeru akaandika kando kwa wino mwekundu, "msamiati mzuri." Nikaandika:

Wawira. Kidato cha pili. Hayupo. Kafara ya nyanya yake.

Nikafunga daftari. Nilijivuna kidogo, hata.

Sasa Gakii, lisome kama mtu asiyemjua Wawira. Kafara, siku hizi, kwa wahubiri na kwa watu wa sokoni, ni damu ya mtu inayotolewa kwa shetani ili mwingine atajirike. Na "ya nyanya yake" inaweza kuwa ile iliyofanywa kwa ajili ya nyanya, na inaweza kuwa nyanya mwenyewe ndiye aliyetolewa. Nyanya alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Kwa maneno manne nilikuwa nimeandika kwamba Wawira amemtoa nyanya yake kafara. Kiswahili changu kilikuwa safi. Hakuna kosa la sarufi hata moja.

Jumatatu niliitwa ofisini. Walikuwa wanne: mwalimu mkuu, naibu wake, mchungaji na Madam Karimi. Naibu alikuwa na daftari langu wazi mbele yake, na kidole juu ya ule mstari.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, madam."

"Alikuambia yeye mwenyewe, kwa mdomo wake?"

"Ndiyo madam, lakini alisema kwa ki—"

"Sijauliza lakini. Alikuambia au hakukuambia?"

"Aliniambia."

Mchungaji akapumua kwa nguvu, akasema, "Mnaona sasa." Nilimtazama Madam Karimi. Sababu tano, alama tano. Alikuwa ananyoosha kona ya leso yake. Nilingoja aseme kutakasa. Alikuwa na neno hilo, alinipa mimi neno hilo. Akasema, "Huyu Nkirote ni mkweli. Hajawahi kunidanganya." Kisha nikaambiwa nirudi darasani, na nikarudi. Ningeweza kusema, bwana mwalimu, ni mbuzi. Ni maneno manne tu. Hata mimi maneno manne ninayaweza.

Wawira alirudishwa nyumbani mchana huo na barua: arudi bila ukanda, na cheti cha mchungaji kinachoonyesha ameombewa na kufunguliwa.

Alhamisi baba yake alikuja. Sisi wa kidato cha tatu tulikuwa tunapalilia mbele ya ofisi na dirisha lilikuwa wazi, kwa hivyo nilisikia kila kitu, na nusu ya darasa pia. Alikuwa amevaa koti la kijivu na beji ya wazee wa kanisa kifuani. Beji ya kanisa lile lile linalodhamini shule.

"Mimi ni mzee wa kanisa huu mwaka wa kumi na mmoja," alisema. "Huyo mbuzi aliombewa na mwinjilisti wetu kabla ya kuchinjwa. Alikula na yeye. Alikula sana."

"Mzee, hayo ni mambo yenu ya huko," naibu akasema. "Hapa tuna watoto wanaoanguka."

"Mtoto wangu alimwosha mama yangu miezi mitatu, kila likizo na kila nafasi. Mikono hiyo ndiyo ilifungwa ukanda. Hakuanguka. Wanaoanguka ni wengine. Kwa nini msiwaulize wanaoanguka?"

"Leta cheti cha mchungaji, mzee. Ni kitu kidogo."

"Cheti cha kusema mtoto wangu ametolewa pepo?"

"Cha kusema ameombewa."

"Ameombewa tangu azaliwe. Kile mnachotaka ni niandike kwamba alikuwa nalo. Siandiki." Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba mwaka mzima: "Madam, nieleweshe. Mimi nilileta mtoto kwa barua ya serikali. Hii ni shule ya nani?"

Wanja, aliyekuwa anapalilia kando yangu, alininong'oneza, "Wee, huyo mzee ni moto." Kisha akaongeza, bila ubaya, "Lakini si ni wewe uliandika?"

Kuanguka uwanjani kuliisha wiki iliyofuata, shule ilipofungwa kwa likizo fupi na watu wakala kwao. Hakuna aliyetoa tangazo. Wawira hakurudi.

Nilijaribu kitu kimoja tu muhula ule, na ni kidogo mno. Mwalimu Njeru alikuwa anarudia miviga. Nikainua mkono. Darasa liligeuka, kwa kuwa sijawahi kuinua mkono tangu kidato cha kwanza.

"Mwalimu, tambiko na kafara ni kitu kimoja?"

"La. Tambiko ni sherehe ya kuwaenzi au kuwaomba waliotangulia, au kutakasa. Kafara ni kitu kinachotolewa ili kuondoa balaa. Zamani hata kafara halikuwa neno baya."

"Na mtu akitumia moja badala ya jingine?"

"Nitamkata alama."

"Na nje ya mtihani?"

Akaweka chaki chini. Anajua, kila mtu alikuwa anajua. "Nkirote, mimi ni mwalimu wa Kiswahili," akasema. "Siko kwenye kamati ya ibada." Kisha akaendelea na kipera kilichofuata. Wiki mbili baadaye alitupa jaribio: eleza manufaa manne ya miviga katika jamii. Niliandika manne. Nikapata alama zote nne, kwa wino mwekundu, na ile karatasi niliichana vipande vidogo nikiwa chooni, mahali ambapo kazi yangu ilikuwa kuwanasa wengine.

Hasira yangu ndiyo hii, Gakii, niiseme wazi. Sina ugomvi na maombi, mimi mwenyewe ninaomba. Mchungaji akiwa na kanisa lake, ahubiri anavyoamini. Lakini hii shule ililipokea lile somo, ikatufundisha, ikatutahini, ikajipatia jina kwa matokeo yake, halafu msichana mmoja alipokuja amelivaa mkononi ikasema haijui ni kitu gani. Walijua. Mkuu wa shule ni mtu wa Embu, alimzika mama yake mwaka juzi, na kama hakuchinjwa mbuzi pale kwake basi mimi si Mmeru. Wote wanne walikuwa wamekula mbuzi huyo mahali fulani. Na mimi wa tano.

Mwaka huu, muhula wa kwanza, nilipeleka funguo za bwalo ofisini nikamkuta baba yake Wawira amesimama kwenye ujia. Amekonda. Nilijifanya natafuta msumari wa kutundika funguo, nikasikiliza. Alikuwa amempeleka Wawira shule nne. Zote zilimtaka alete barua ya kuhama, na barua yetu ilikuwa na mstari mmoja: ameondoka kwa kuhusika na kafara. Hakuna shule iliyompokea. Alikuwa nyumbani, anachuma muguka. Sasa mwalimu mkuu wa shule ya kutwa karibu na kwao, mama mmoja mwenye huruma, alisema atamchukua, barua au bila barua, mradi yule aliyeandika neno hilo mwanzo aandike kwamba alikosea. Hilo tu.

"Aliyeandika ni mwanafunzi," naibu alisema, "na mwanafunzi hajalalamika."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilitundika funguo. Nilipogeuka yule mzee alikuwa ananitazama, na nilidhani amejua. Akanyoosha mkono.

"Habari yako, mwanangu."

"Nzuri, baba."

"Soma sana," akaniambia, na akaenda zake.

Kutoka siku hiyo hadi Ijumaa iliyopita kulipita muhula mmoja na nusu. Nimekuwa nikiandika shajara tangu kidato cha kwanza na nimehesabu: mara kumi na nne nimeandika "kesho nitaenda kwa naibu." Usidhani nilikuwa natafuta njia. Nilikuwa naogopa. Nilipiga kengele, nikapangusa kiti cha mto mwekundu, nikahesabu mabenchi. Kazi iliendelea vizuri kabisa, na kama ungeangalia daftari ungesema huyu ni kiranja hodari.

Unajua utaratibu wa kustaafu. Kila kiranja anasoma ripoti yake kwenye gwaride, anamshukuru Mungu, mwalimu mkuu, mlezi wake na wenzake, watu wanapiga makofi ya kilo. Mimi nilienda mbele na daftari badala ya karatasi. Nilikuwa nimepiga mstari mmoja juu ya lile neno, kama Makena alivyonifundisha, na kuandika chini yake. Nilisoma nilichoandika. Sauti yangu haikufika nyuma, naambiwa, kwa hivyo waliokuwa mbele waliwapitishia walio nyuma, na shule nzima ilisikia kwa vipande:

"Neno kafara nililiandika mimi, na ni kosa. Wawira hakulisema. Alisema igongona, kwa lugha ya kwao, na maana yake ni tambiko la kutakaswa baada ya mazishi ya nyanya yake. Nilijua maana yake wakati naandika, kwa kuwa kwetu tunafanya. Waliosoma baada yangu walijua pia."

Sentensi ya mwisho sikuwa nimeiandika. Ilitoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Naibu alinishika kiwiko akanipeleka ofisini, si kwa nguvu, kama unavyomshika mgonjwa.

"Unajua umewaita walimu wako waongo mbele ya shule?"

"Ndiyo, madam."

"Utarudi Jumatatu ijayo na mzazi. Na hilo daftari unamkabidhi Gakii jioni hii, na hayo uliyoandika hayana maana bila saini ya ofisi. Mimi sitii saini."

"Mwalimu mkuu je?"

Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia nje ya dirisha. "Fuata maagizo ya naibu," akasema. Madam Karimi alikuwa amesimama mlangoni. Nilipopita karibu naye aliniambia kwa sauti ya chini, "Ungekuja kwangu kwanza, Nkirote." Nikamwambia, "Nilikuwa nakungoja wewe, madam. Tangu ile Jumatatu." Kwa mara ya kwanza sikuona haya kusimama hapo nikingoja jibu. Nilingoja mpaka akaondoka yeye.

Jioni hiyo nilikupa funguo na daftari. Uliniuliza mbona nimenyamaza, nikakuambia ni uchovu. Ukurasa wenye jina la Wawira haupo. Nimeutoa mimi, kwa wembe, kabla sijakukabidhi. Ukiulizwa, sema hivyo hivyo, usijitwike.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, nilitoka getini na barua ya kumleta mama yangu. Meru ni upande wa kulia. Nilienda kushoto. Nilishuka Embu, nikaunganisha kwenda chini Mbeere hadi soko ambalo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya zamani ya darasa la Wawira, na nikauliza mzee wa kanisa anayelima muguka ni yupi. Watu walicheka, wakasema wako wengi. Nilipotaja binti mrefu wa hesabu wakanionyesha njia.

Wawira alikuwa mbele ya nyumba anafunga vifurushi vya muguka na mama yake. Mkono wake wa kulia haukuwa na kitu, ukanda ulikuwa umekatika wenyewe zamani. Hakusimama. Nilimpa ule ukurasa, nikaanza kueleza, na kwenye sentensi ya tatu maneno yakaisha. Akafuta mikono kwenye leso, akasoma. Akasoma tena, polepole, kidole kikifuata mstari. Baba yake alitoka ndani na koti lake la kijivu mkononi, akanitazama mimi, akatazama karatasi, akanijua.

"Hapa hujaweka tarehe," Wawira akasema. "Bila tarehe, shule ya kutwa wataikataa."

Akaingia ndani, akarudi na biro, akanipa na mgongo wa sufuria niandikie juu yake. Nikaweka tarehe. Nikatia saini. Baba yake akavaa koti.